Moyo Mweupe wa Rukaya

Jua lilikuwa linazama Swalihu alipoingia maabara na kikapu chenye kipande cha sanda. Mchinjaji huyu wa Nkuhungu, mtu aliyewatania hata mbuzi waliosubiri kisu, leo hakumtania hata mlinzi.

Alikuwa amefuata moyo wa mwanawe.

Miezi miwili nyuma madaktari walimwambia moyo wa Rukaya, mtoto wa miaka saba, umechoka. Wangemwoteshea mwingine: wachukue moyo wa kondoo, wauoshe kwa dawa mpaka ukondoo wote utoke, ubaki kiunzi cheupe tu, kisha wapande humo chembe hai za mtoto. Swalihu akachinja kondoo kwa mkono wake. "Binti akianza kula majani, mtamchunga nyie!" akawatania madaktari.

Rukaya hakusubiri. Walimzika juzi. Mama yake, Sikudhani, aliomba kitu kimoja: "Kalete kilichobaki cha mwanangu, mume wangu. Kikalale naye."

Yasinta, mtaalamu wa maabara, akafungua mlango.

"Pole sana, baba. Ila... unadunda. Tangu jana."

Moyo ulining'inia ndani ya chupa kubwa, mweupe kama mtindi, wekundu ukianza kutambaa juu yake. Na ile harufu... Swalihu aliijua. Manyoya ya kondoo yaliyoloa.

Du... du... du...

"Rukaya," alinong'ona. "Mama, ni baba."

Dududududu!

"Anakujua!" Yasinta akashika mdomo.

Swalihu akacheka huku machozi yakimtoka. Akanyoosha mikono aishike chupa. Ulimi ukatangulia wenyewe, kama kila aanzapo jambo.

"Bismillahi."

Moyo ukasimama.

Kimya.

Neno hilo ndilo la mwisho alilosikia yule kondoo. Na ndilo Swalihu alilomwambia Rukaya kila sindano ilipokuja, akiwa amembana mikono asifurukute.

Akarudi kinyumenyume mpaka koridoni.

Du... du...

Akaingia hatua moja. Kimya.

"Baba," Yasinta alinong'ona, "humo... yumo nani?"

Simu ikaita mfukoni mwa Swalihu. Sikudhani. Akaizima. Akavua kandambili zake, akatoka kwa kunyata, akakaa sakafuni nje ya mlango. Akajiziba mdomo kwa ile sanda, ili mwanawe, au huyo mwingine, asimsikie akilia.