Keki Yenye Jina la Phiona

Jumatano ile saa sita mchana Phiona alikuwa amekabidhi mashati kumi na mawili ya wahudumu katika kasino ya hoteli moja kule mjini Kigali. Mashati aliyashona mwenyewe, kibandani kwake Kimisagara. Alipokuwa akitoka, harufu ya samaki wa kukaanga ikamshika miguu, akajikuta amesimama kwenye foleni ya chakula.

"Dada, foleni hii iko ya watu wa kadi," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, koti la rangi ya kahawa, viatu vinang'aa mpaka vinakera.

"Basi naondoka."

"Oya, usiondoke! Kadi yangu inaruhusu mgeni mmoja. Kila Jumatano namkosa."

"Uongo huo umewaambia wangapi?"

"Wewe ndio wa kwanza kuniuliza."

Phiona akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Kijana aliitwa Cyriaque, mzaliwa wa Bujumbura, karani wa ghala Muhima. Wakila samaki na ndizi za bure, alimfundisha elimu yake yote. Chagua mashine ya kamari ya faranga hamsini, ile ndogo kabisa ya pembeni. Bonyeza taratibu, kunywa chai yao, piga soga. Kompyuta inahesabu siku ulizokuja kama inavyohesabu pesa. Siku mbili kwa wiki, unapata chakula cha Jumatano. Ukimaliza mwezi, mwavuli. Siku ya kuzaliwa, meza ya watu wawili mchana na keki yenye jina lako.

"Wengine wanaliwa na kasino," alisema akijipangusa mdomo. "Mimi ndio naila."

Miezi mitano wakapendana. Wakipanda mlima wa Nyakabanda chini ya mwavuli wa bure, Phiona hakujali kwamba jamaa hajawahi kumnunulia hata soda. Alimtania tu. Yeye pia alichukua kadi, akaiacha kwa Cyriaque amchezee, siku zake zihesabiwe.

Jioni moja kwenye simu Cyriaque akauliza, "Rukundo, mpenzi wangu, umezaliwa lini?"

"Kitambulisho kinasema tarehe moja Januari. Lakini si yangu, sha. Tuliporudi kutoka Uganda, karani aliwaandika hivyo wote wasiojua tarehe. Mama anakumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yanavunwa. Sijawahi kukata keki maisha yangu yote."

"Basi tutaifanya iwe yako. Tarehe moja, mimi na wewe. Na iko neno nitakuambia pale mezani."

Neno gani? Mwanamke wa miaka thelathini na kitu hahitaji kuelezwa. Phiona alishona gauni la bluu, akalifumua kiunoni mara tatu mpaka likamkaa.

Asubuhi ya tarehe moja simu ikalia.

"Sheri, nisamehe. Shangazi iko mgonjwa kule Huye. Niko ndani ya basi."

"Pole, mpenzi wangu. Muuguze. Keki itasubiri."

Lakini gauni lilikuwa limening'inia mlangoni likimtazama, na mama yake, Mukabalisa, hakutaka kusikia habari ya kusubiri. "Vaa, twende sisi wawili," alisema. Kadi haikuwepo, ila kitambulisho kilikuwepo.

Kaliza, msichana mpya wa dawati la kadi, aliipitia orodha. "Leo tuna keki kumi na moja, mama. Nusu ya Kigali imezaliwa leo!" Alicheka, kisha akaacha. "Phiona... Meza yako imeshachukuliwa. Wako ndani. Nilifikiri yule dada ndiye wewe."

Walikuwa karibu na dirisha. Cyriaque na koti lake la kahawa, na mbele yake Natacha, mwenye maduka mawili ya simu Muhima. Pale kasino kila mtu alimjua Natacha na kadi yake ya dhahabu. Mwenye kadi hiyo huandikisha mwenzi mmoja, na mwenzi hupata kila kitu: chumba cha hoteli, gari la kumpeleka uwanja wa ndege. Katikati yao ilikuwepo keki iliyoandikwa Phiona, na robo yake ilikuwa imeshaliwa.

"Shangazi amepona?" Phiona aliuliza.

Natacha aliweka uma chini. "Huyu ni nani?"

"Phiona."

"Cyriaque, si ulisema Phiona ni binamu yako, amesafiri, ametuachia meza?"

Cyriaque alisimama, jasho linamtoka. "Phiona, sikiliza. Wewe mwenyewe ulisema tarehe hii si yako! Nilijua hutakuja."

"Nilikuwa nakuambia siri yangu. Ukasema tutaifanya iwe yangu."

Hakupiga kelele. Alichukua kadi yake mezani, akabeba keki na sahani yake, akatoka, mama yake nyuma. Kwenye ngazi machozi yakamshinda. Waliila keki nyumbani, na ilikuwa tamu, na hilo lilimuumiza zaidi.

Wiki tatu baadaye Cyriaque alisimama mlangoni pa kibanda. Natacha alikuwa ameandikisha mwenzi mwingine kwenye kadi yake.

"Nakupenda, rukundo. Naapa mbele ya Mungu. Natacha ilikuwa kadi tu."

Akapiga goti juu ya vipande vya vitambaa, akafungua kijisanduku chekundu. Pete iling'aa. Moyo wa Phiona uliruka, kwa sababu alikuwa bado anampenda, hakuna haja ya kuficha. Akachukua kijisanduku, akakigeuza juu chini.

"Hii umenunua, ama umepewa kwa pointi za kasino?"

Cyriaque alinyoosha mkono akichukue.

"Uliweka hamsini, Cyriaque. Ukakaa muda mrefu, ukala. Mimi niliweka vyote."

Alimrudishia, akakanyaga cherehani na hakuinua macho mpaka viatu vile vikaondoka. Mshono wote ulikwenda upande, ikabidi aufumue.