Unaniuliza au Unaniambia?

Joto lilimwamsha Tegan Doolan kabla ya jua. Aliwalisha kuku, akajaza maji bakuli la mbwa, kisha akaketi mezani kula mkate na kaka yake Angus. Upepo wa kaskazini, ule wa joto unaotoka jangwani, ulikuwa umeshaanza. Bati lililolegea kwenye banda la kunyolea kondoo lilikuwa likigonga, linanyamaza, linagonga tena. Mbwa alilala, akainuka, akazunguka, akalala tena. Redioni walikuwa wametangaza kwamba leo ni marufuku kuwasha moto nje, hata wa kuchoma soseji.

"Mama amesema twende kwa Bibi saa kumi?" Tegan alisema.

"Unaniuliza au unaniambia?" Angus akamkatiza.

"Nakuambia?"

"Haya, imepanda tena!" Angus akacheka mpaka makombo yakamtoka mdomoni.

Watoto wengi wa Tarrabel, mji wetu wa wafuga kondoo huku kusini mwa Australia, huzungumza Kiingereza hivyo. Sentensi inaanza chini, inakwenda vizuri, halafu mwishoni sauti inapanda kama mbuzi anayeparamia jiwe. Mgeni hudhani wanauliza, kumbe hawaulizi. Ni kama kumwambia mwenzako, "Tuko pamoja, sivyo?" Angus naye alikuwa hivyo hivyo, ila mwenyewe hakuwa akiisikia sauti yake.

Lakini tangu wiki iliyopita sauti ya Tegan ilikuwa inapanda kwa sababu nyingine. Siku hiyo aliona wingu la kahawia nyuma ya kilima, akaita zimamoto kwa redio ya mawasiliano. Wazee wa watu waliacha chakula mezani, wakaja mbio na gari lao jekundu, na kumbe ni vumbi la trekta. Hakuna mtu mzima aliyemgombeza. Lakini redio ile husikika katika kila nyumba ya bonde lote, na kesho yake kwenye bwawa la kuogelea wavulana walimpokea kwa kelele: "Tegan Vumbi! Njoo utuzimie vumbi!"

Basi ilipofika saa nane mchana, mama yao akiwa zamu hospitalini na baba yao mnadani, Tegan alitoka barazani akaona moshi. Ulikuwa mwembamba, wa kijivu, ukipanda kutoka kwenye korongo. Ng'ambo ya korongo hilo alikuwa akiishi Bibi Hazel, mama wa baba yao. Saa hizo Bibi huvua kifaa chake cha kumsaidia kusikia akalala, na hata ukipiga simu mpaka uchoke, hasikii.

Tegan alitazama, akafumba macho, akatazama tena. Haikuwa vumbi. Vumbi hutembea na trekta. Huu ulikuwa umesimama mahali pamoja, na upepo unauvuta kichwa.

Alikimbia ndani akashika redio. Alilifikiria bonde lote lililokuwa likisikiliza.

"Kapteni, hapa Tegan? Kuna moshi kwenye korongo? Ova," akamaliza kama wanavyomaliza redioni.

Rhonda Voigt, kapteni wa zimamoto wa kujitolea, alikuwa kituoni akihangaika na mambo mengi. "Hapana, mwanangu. Hatujapata taarifa ya moshi wowote huko. Msiwe na wasiwasi, kaeni ndani mnywe maji. Ova."

Tegan aliirudisha redio mahali pake.

"Umesikia?" Angus alisema kutoka kwenye kochi. "Hakuna moshi. Kapteni mwenyewe kasema."

"Lakini mimi ndiye niliyemwambia!"

"Hukumwambia. Umemuuliza."

Kweli, hilo ndilo Tegan alilofanya. Moshi alikuwa ameuona kwa macho yake mawili, lakini aliogopa kuchekwa, akauficha ndani ya swali. Na kapteni akamjibu swali lake, kama mtu yeyote mstaarabu angefanya.

Alifungua mlango. Harufu ya majani ya mikalitusi yanayoungua ikaingia sebuleni. Angus akaruka kutoka kwenye kochi, na kicheko chake kikaishia hapo. Moshi sasa ulikuwa mweusi, mnene, na chini yake kuna wekundu.

"Bibi!" Angus akasema, akishika ufunguo wa pikipiki.

"Utapita wapi? Njia yenyewe iko ndani ya korongo!"

Walitazamana. Ni magari ya zimamoto tu, kwa barabara kuu ya upande wa pili, yangeweza kufika. Tegan alivuta pumzi, akamwomba Mungu kimoyomoyo, akabonyeza kitufe.

"Kapteni, ni Tegan Doolan. Siulizi. Nakuambia. Moto unawaka kwenye korongo, na unaelekea nyumbani kwa Bibi Hazel. Bibi yumo ndani, amelala, na hasikii. Ova."

Kila sentensi ilishuka mwishoni, ikatua.

"Nimekupata, Tegan. Magari mawili yanaondoka sasa hivi. Ova."

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kusema. Angus alirusha maji ukutani na mlangoni kwa mpira wa bustani. Tegan alikuwa anakwenda dirishani, anarudi kwenye redio, anakwenda tena. Bati la bandani liligonga na kugonga. Mwishowe sauti ya kapteni ikakwaruza:

"Bibi tunaye. Mzima kabisa. Anamgombeza mwenzetu Kevin kwa kumvunjia kitasa cha mlango."

Angus alikaa chini pale pale kwenye maji.

Jioni upepo ulipogeuka na moto kuzimwa, banda la kuku la Bibi lilikuwa jivu, lakini nyumba ilikuwa imesimama. Watu walikusanyika kituoni kunywa chai. Kijana mmoja mgeni wa zimamoto akamsogelea Tegan. "Wewe ndiye uliyetuita? Unaitwa nani?"

"Tegan Doolan?"

Kituo kizima kikaangua kicheko. "Jamani mjukuu wangu," Bibi Hazel alisema, kifaa chake kikiwa sikioni, "hata jina lako huna hakika nalo?" Safari hii Tegan naye alicheka.

Kapteni Rhonda akamkalisha karibu yake. "Nami nina kosa," alisema. "Ilinipasa nikuulize umeona nini. Lakini nisikilize. Sauti ya kupanda si mbaya. Mezani, na rafiki zako, inamkaribisha mwenzako naye aseme. Mimi mwenyewe ninayo. Ila kwenye redio sikuoni uso, nina sauti yako tu. Ukiona kitu, sema umekiona, na sauti uishushe. Usiufanye ukweli kuwa swali kwa kuogopa kuchekwa. Kuchekwa kunapita. Bibi yako je, tungempata wapi mwingine?"

Tegan akaitikia kwa kichwa.

"Na siku ukiona kitu usichokijua, kama lile vumbi?"

"Nitasema, nimeona kitu kama moshi, na sina hakika."

Tegan alisema hivyo akimtazama kapteni usoni, na sauti yake ikashuka mpaka chini.

"Hapo nitakuja," kapteni alisema. "Hata kama ni vumbi."