Mji Aliopewa Mama Valeria

Kitendawili! Semeni "tega" basi, mbona kimya kama mko kwenye foleni ya daktari? Haya, natega: Kilima changu kimebaki bila nyasi, hakuna aliyelima, hakuna aliyechoma moto.

Mmeshindwa? Msinipe mji. Sheria mnaijua: aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji huenda huko kwa maneno tu, kisha hurudi na jibu. Lakini mji wa kitendawili hiki ulishatolewa zamani na mtoto mmoja wa Mazwi, hapa hapa Sumbawanga. Tulieni niwasimulie.

Mtoto huyo ni Valeria, bintiye Eustace fundi baiskeli. Mama yake ni Dominika, muuza migebuka, samaki wakavu wanaopandishwa kutoka ziwani Kabwe. Jioni, kazi zikiisha, Dominika aliketi kwenye kigoda uani, na Valeria akasimama nyuma yake kumchana nywele. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, nene, hata chanuo lilikuwa likivunjika meno humo. Wakichanana hivyo walitegeana vitendawili na kucheka, mpaka Eustace huko alikokaa na spoku zake akacheka naye bila kujua anacheka nini. Nyumba ilikuwa na raha yake.

Kisha Dominika akapapasa uvimbe kwenye titi. Akashukuru baadaye kwamba hakukaa nao. Alipelekwa Mbeya, huko wakamwambia ni saratani, ila amewahi. Atatundikiwa dripu za dawa kwa awamu, kila baada ya wiki kadhaa. Nesi akamwambia waziwazi: "Nywele zitaanguka, mama. Dawa zikiisha, zitaota tena." Dominika akaitikia. Akaenda awamu ya kwanza, akarudi, wala hakumwambia mtu ila mumewe. Sokoni alisema alifuata mzigo.

Asubuhi moja akaamka, mafungu ya nywele yamebaki kwenye mto wa kulalia.

Sasa wewe usiye wa huku nikueleze. Kwetu Ufipa, mwanamke akionekana kanyolewa kipara, watu hawaulizi habari za saluni. Wanauliza msiba. Ndiyo maana Dominika alikataa wembe.

"Nijinyoe, namlilia nani?" alimwambia mumewe. "Nimlilie Dominika? Sirudi Mbeya. Nikiacha dawa, hizi zilizobaki zitabaki."

Eustace akamtazama. "Na wewe utabaki?"

Dominika alijifunga kitenge kichwani, akakikaza.

Siku hiyo hiyo jioni Valeria akaja na chanuo lake. Mama akakwepa, mtoto akang'ang'ania, kitenge kikavutwa, na chanuo likatoka na fungu zima la nywele.

"Mama! Nimekuumiza?"

"Hujaniumiza, mwanangu."

"Sasa mbona zinatoka zenyewe?"

Dominika akakimbilia mahali walipozoea wote wawili. "Kitendawili."

"Tega!"

"Kilima changu kimebaki bila nyasi, hakuna aliyelima, hakuna aliyechoma moto."

"Kuku wa sikukuu!"

"Kuku ananyonyolewa na mtu. Hapana."

"Kipara cha mwalimu Ndalahwa!"

"Mwache mwalimu wako. Hapana."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji." Valeria akafikiri mji mkubwa kuliko yote aliyowahi kuisikia. "Nenda Mbeya!"

Uso wa Dominika ukabadilika. "Mbeya mbali," akasema. "Twende tukalale."

"Mama! Ukishapewa mji lazima uende!"

Mama akaingia ndani. Kitendawili kikalala bila jibu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Upepo wetu wa Julai mnaujua, hauna adabu. Siku chache baadaye ulimvua Dominika kitenge sokoni, mbele ya watu, ukakitupa juu ya samaki. Kichwani zimebaki nywele viraka viraka kama amenyolewa gizani. Jirani yake wa meza, Coleta muuza maharage, akashika kifua.

"Yesu wangu! Mama Valeria, umefiwa na nani?"

Dominika akaokota kitenge, akakusanya samaki wake, akaondoka. Nyumbani akamwambia Eustace, "Umeona? Bado niko hai, wameshanizika." Na siku ya dripu ya pili ilikuwa wiki ile ile.

Coleta naye akabaki anapiga hesabu zake. Eustace, yeye mwenyewe alimwona asubuhi na pampu mkononi. Valeria yuko shule. Basi ni mama mkwe, bibi Marsiana wa kijiji cha Kate! "Na vile Dominika alivyo mnyamavu, hata msiba anaficha," akawaambia wanawake wa mtaa.

Kesho yake asubuhi uani kwa Eustace palijaa. Huyu unga, huyu kuni kichwani, huyu sufuria la kanisa. Mikeka ikatandikwa, vilio vikaanza: "Marsiana weee, umetuacha na nani!" Dominika yuko ndani, mkono mdomoni, hajui atokee wapi.

Vilio vikiwa juu, bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke mzee na kuku wake kwapani. Ndiye Marsiana mwenyewe. Eustace alikuwa amempigia simu aje amsihi mkewe asiache dawa. Kuona watu wanalia, mama wa watu akaweka kuku chini naye akaanza kulia, maana ukikuta msiba unalia kwanza, kuuliza ni baadaye. Alipolia akatosheka, akamgeukia Coleta.

"Nani amekufa, mwanangu?"

"Mama mkwe wa Dominika. Marsiana, wa Kate."

"Marsiana yupi huyo?"

"Mama yake Eustace, huyu fundi."

"Ndiyo mimi!"

Coleta alipiga yowe hata kuku akaruka. Wengine walikimbia, wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Marsiana akawa anajipapasa mikono kuhakikisha. Kicheko kilipotulia akauliza tena, safari hii polepole: "Basi hapa amekufa nani?"

Macho yote yakaenda mlangoni. Dominika akatoka. Akafungua kitenge mwenyewe.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Ninaumwa saratani ya titi. Nywele zimeondolewa na dawa. Na hiyo dawa nilitaka kuiacha kwa kuogopa macho yenu."

Coleta akamsogelea. "Mwenzangu, mimi niliuliza kwa huruma."

"Najua, Coleta. Lakini iliniuma."

Marsiana akaagiza maji na wembe. Akamkalisha mkwewe juani, katikati ya uwanja. "Msiba tunanyoana kimya," akasema. "Huyu yuko hai. Leo atakayenyamaza aondoke na unga wake!" Wakaimba. Viraka vikaondoka kimoja kimoja, Dominika analia, anacheka. Mmoja akasema, "Mama, nawe tukunyoe umsindikize mkweo?"

"Mimi? Mninyoe halafu mnilie mara ya pili? Niacheni!"

Unga ukapikwa, kuni zikawashwa. Valeria alirudi kutoka shule akakuta karamu, akapapasa kichwa cha mama yake. "Laini kama yai! Lakini mama, bado hujaenda mji niliokupa."

Dominika akawatazama wale wanawake. "Kesho asubuhi naenda," akasema.

"Na mimi," akadakia Coleta. Na kweli alikwenda, siku ile na awamu zote zilizofuata. Ndiye aliyemshikia ndoo alipotapika, ndiye aliyetangaza sokoni, "Mwenye swali aje kwangu!"

FUNZO

Kabla ya jibu, pokeeni funzo. Ukimwona mwenzako amebadilika, usimpangie msiba. Kaa karibu, msikilize, muulize umsaidie nini. Nawe unayeumwa, usiache dawa kwa kuogopa midomo ya watu. Sema, maana hawawezi kubeba mzigo usiowaonyesha. Ukipapasa uvimbe, nenda hospitali mapema. Na tushukuru. Mimi nawashukuru hata wanawake wale waliokosea, kwa kuwa walikosea wakiwa wamebeba unga.

Sasa jibu. Dripu zilikwisha, madaktari wakamruhusu Dominika, aende tu kuangaliwa mara kwa mara. Mvua zikaanza, vilima vya Ufipa vikawa kijani. Jioni moja akaketi kwenye kigoda chake, akamwita Valeria na chanuo.

"Nichane nini, mama, na huna kitu?"

"Ulinipa mji, sikukujibu. Sikiliza. Nilikwenda Mbeya. Nilipofika Mbeya watu wakanipokea vizuri, wakanipa kiti. Nikawauliza, kilima gani hicho kimebaki bila nyasi, hakuna aliyelima, hakuna aliyechoma moto? Wakaniambia: ni kichwa cha mama yake Valeria. Mwambie apapase, zimeanza kuota."