Krimu ya Kupima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Seline alinawa uso mlangoni pao mtaani Gatwekera, kisha akatoa kikopo alichokificha nyuma ya mtungi. Ndani mlikuwa na krimu aliyopimiwa kwa kijiko kwenye kibanda kimoja mtaa wa Soweto East. Haikuwa na jina wala maelezo. Alijipaka haraka haraka, dadake Daisy asimwone.

Yote yalianza na jirani yao Phanice, mama asiyejua kufunga mdomo. Siku moja alimwonyesha Seline kidole mbele ya watu. "Baba Daisy, huyu mlimtoa wapi? Nyinyi wote ni brown, yeye peke yake ni mweusi tii!"

Watu walicheka. Baba naye akacheka. Seline hakulia. Moyo ulikufa ganzi tu, na tangu siku hiyo chai na uji vikawa na ladha moja. Alitaka kitu kimoja: afanane na baba yake, pasiwe na mtu wa kuuliza tena.

Wiki ya pili uso ulianza kuchubuka. Aliutazama kwenye kioo kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Uso umefanya nini?" aliuliza Madam Nasipwondi, mwalimu wa sayansi.

"Ni jua, Madam."

"Jua gani hili linachoma uso na kuacha shingo?"

Seline aliingiza mkono mkobani. Akatoa kikopo, ambacho siku hizo alikuja nacho shuleni.

Madam alimpigia baba simu, wakakutana zahanati. Nesi alipomaliza kumpaka dawa, na Seline kueleza maneno ya Phanice, Madam alisema, "Rangi ya ngozi haitoki kwa kinasaba kimoja. Viko vingi, na kila mtoto huchotewa upya kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana ndugu hutofautiana. Wazee wetu waliishi kwenye jua kali maelfu ya miaka, na weusi huo uliwakinga. Wewe ulikuwa unaikwangua kinga yako."

Baba alitoa picha kuukuu kwenye pochi. Ilikuwa ya mwanamke mweusi tii, mwenye paji la uso la Seline.

"Huyu ni mamangu. Aliitwa Aketch. Alifariki kabla hujazaliwa. Siku ile nilicheka kwa sababu nilimwona yeye usoni mwako. Nilikosea kutokuambia."

Seline aliishika picha kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka, yakapita penye vidonda.

"Baba, inauma."

"Ndiyo, inauma," alisema baba. "Usijipake tena kitu usichokijua. Na neno la mtu likikuuma, njoo uniulize mimi kwanza."