Foronya ya Maua

Haya yalimkuta rafiki yangu Radzim, huko kijijini kwetu Zabalotse, na aliponisimulia alikuwa bado ananong'ona.

Mashine yake ya useremala ya nyumbani, ile ya msumeno na randa pamoja, ilikuwa na mota dhaifu. Ikiuma mbao ngumu ya mwaloni, inazimika.

"Mashine yako inakohoa kuliko baba," mkewe Alesya alimtania. "Kabati langu nitalipata ahera?"

Basi akaenda kwa Shangazi Takla, mjane wa fundi aliyechonga majeneza ya kijiji kizima, akaomba mota ya marehemu.

"Ichukue, mwanangu," alisema mjane. "Ila mume wangu hakuchoma maranda ya jeneza hata siku moja. Aliyashindilia kwenye foronya, yakawa mto wa maiti."

"Shangazi, mimi nachonga kabati la jikoni!" Radzim alicheka.

Jioni hiyo, theluji ikianguka, alifunga mota, akakaza mkanda, akawasha bila ubao. Ikaimba vizuri. Mara umeme ukakatika, banda likawa giza totoro.

Mota haikunyamaza. Sauti yake ilishuka, ikawa nzito, kama ubao unapopita kwenye kisu. Ikapanda. Ikashuka tena, taratibu, kama iliyo mikononi mwa mtu asiye na haraka.

"Alesya, ni wewe?"



Umeme uliporudi, swichi ilikuwa imezimwa na sakafu ilikuwa safi. Juu ya mashine palikuwa na foronya ya maua, imeshindiliwa maranda ya mwaloni, mdomo umeshonwa. Ilikuwa bado na joto.

Ilikuwa ya mto wa Alesya.