Mtu Wangu wa Leveli Ishirini na Panga la Jefwa

Panga lilishuka kichwani mwa babu yangu saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wanatazama.

Aliyelishika ni Jefwa.

Mtoto wa ami yangu. Tumelala mkeka mmoja tangu tukiwa wadogo.

Na kabla hajapiga, alisema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Kwaheri mzee. Wasalimie walio chini."

Mimi ndo nilikuwa naingia uani na pikipiki. Nikaona damu inaruka kwenye shati jeupe. Babu akaanguka kama gunia la chumvi.

Yale maneno nilikuwa nayajua. Ni maneno ya mchezo wetu. Yaani Jefwa anamkata babu na bado ananicheka...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtanihukumu bure.

Naitwa Mangi. Shule niliacha darasa la saba. Nabeba wafanyakazi wa chumvi kwa boda hapa Gongoni. Sina subira, nikiguswa napiga. Wanaonijua wanajua.

Kuna dada anaitwa Damaris, ana saluni ya kucha Malindi mjini. Mteja wake mmoja, Mwitaliano, alipohama alimwachia boksi la mchezo. Si wa simu. Mnakaa mezani, kila mmoja anajenga mtu wake. Unampa jina, unamgawia pointi: za nguvu, za mbio, za akili, za kudanganya. Damaris anasimulia mko wapi na adui gani amewatokea. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu la pande ishirini, mnajua kama ameweza. Akishinda anapanda leveli. Akifa, amekufa.

Kila Jumapili jioni saluni ikifungwa, tuko hapo. Mimi, Jefwa na Damaris.

Mtu wangu nilimjenga mchawi mzee. Nywele nyeupe, fimbo, mgongo umepinda. Nikampa jina la babu, Mzee Mwaringa, kwa kumpenda tu.

Mpaka anafika leveli ishirini, pointi zote nimezimwaga kwenye kuua. Moto. Radi. Kuvunja watu mifupa bila kuwagusa.

Akili ya kusoma watu, sifuri. Kudanganya, sifuri.

"Huyu mtu wako akitekenywa anachoma kijiji," Damaris aliniambia.

"Ndo raha yake."

Jefwa alijenga mwizi. Pointi zake zote kwenye kudanganya.

"Leveli ishirini halafu kazi yako ni uongo?" nilimcheka.

"Uongo haunipeleki hospitali," akasema.

Babu alikuwa mlinzi zamani, kwenye majumba ya Wazungu. Mdomo mchafu huo, hamjawahi kusikia. Kila Jumatatu lazima nimpe habari za mchezo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Jana nimeua wangapi?"

"Arobaini."

"Mbona wachache? Nilikuwa naumwa?"

Hadithi aliyoipenda zaidi ni ile ya langoni, siku mtu wangu alipozingirwa akaponea chupuchupu. Hiyo nimeirudia mpaka nikachoka.

Sasa, babake Jefwa anaitwa Kaingu. Ni mtoto wa babu, na alikuwa anataka shamba liuzwe. Babu alimwambia atauza shamba siku atakayomuuza yeye Kaingu kwanza.

Siku moja ami Kaingu akanikuta barabarani. Anacheka. Tukakaa kibandani, akaninunulia soda.

"Hebu niambie, huyu Mzee Mwaringa uwezo wake ni upi?"

Alijua ni mchezo. Nilishamweleza mwenyewe, na mwanawe anacheza. Mimi nani anawahi kuniuliza kitu akanisikiliza? Nikamwaga yote.

"Anachoma kijiji kwa kidole. Akikutazama, damu inakauka."

"Ameua wangapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Wakiwemo watoto?"

"Moto unachagua, ami?"

Simu yake ilikuwa juu ya meza, imelala kifudifudi.

Wiki ile ile sauti yangu ikazunguka kwenye simu za kijiji kizima. Neno "mchezo" halimo. Na mwezi huo watoto wawili walikuwa wamekufa kwa homa. Kwetu, kumwita mzee mwenye nywele nyeupe mchawi hakuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

Turudi uani.

Vijana kama kumi na tano. Mapanga, marungu, dumu la petroli. Ami Kaingu amesimama kando, mikono nyuma, kama aliyekuja kuangalia mechi.

Jefwa akapaza sauti:

"Amekwisha! Petroli ya nini tena, maiti mtaichomea nini? Twendeni kabla polisi hawajafika."

Wakaanza kugeuka. Wa mbele walishatoka nje ya ua.

Mimi hilo sikuliona. Nilimwona Jefwa peke yake.

Nikachomoa spana ya gurudumu chini ya kiti. Nikampiga nayo usoni. Mfupa nikausikia. Akaanguka, nikamkalia kifuani, nikapiga tena. Jicho la kushoto likapasuka. Nikainua mkono mara ya tatu...

Hakujikinga. Alinishika kola akanivuta, meno yamejaa damu, akaninong'oneza:

"Langoni, Mangi. Langoni, we mjinga."

Mkono ukagandia hewani.

Siku ile ya langoni, mtu wangu alikuwa amezungukwa na askari mia na moto umemwishia. Mwizi wa Jefwa akajifanya yuko upande wao. Akasema, "Kwaheri mzee, wasalimie walio chini," akamchoma kisu. Damu nyingi, jeraha dogo. Askari wakaondoka wakiamini amemuua.

Nikageuza shingo. Babu amelala kwenye damu. Jicho lake moja likafunguka, likanitazama, likafumba.

Na wale vijana sasa walikuwa wanarudi. Kelele zangu ndo ziliwarudisha.

"Mnapigania nini? Mzee amekufa kweli?"

Ami Kaingu akasogea. "Mgeuzeni tumwone."

Mwenye dumu akafungua kifuniko. Harufu ya petroli nikaisikia mpaka kooni.

Ningesimama na spana, ningeangusha wawili, watatu. Halafu tungechomwa wote. Kudanganya kwangu ni sifuri, mnajua. Lakini hakukuwa na kingine.

Nikajitupa juu ya babu. Nikalia kama nilivyolia siku ya kumzika mama. Nikachovya mikono yote miwili kwenye damu, nikamnyooshea ami.

"Njoo wewe umgeuze! Ubongo uko nje. Si ni baba'ako? Njoo umshike!"

Akaiangalia ile mikono. Nikamfuata nayo karibu na uso.

"Mshike, ami. Damu yake ni yako."

Mtu aliyeleta kundi zima kuua akashindwa kugusa tone moja. Akarudi nyuma, akatema mate.

"Twendeni."

Wakaenda.

Nikarudi kumlalia babu, naendelea kulia mpaka wapotee. Chini yangu nikasikia:

"Mbavu zangu, mbwa wewe."

Malindi hospitalini babu alishonwa, fuvu lilikuwa zima. Jefwa jicho halikupona.

"Njiani babangu alinipa panga," alinieleza. "Akasema kata wewe kwanza, tujue uko upande gani. Ningekataa, angekata mtu mwingine, na huyo asingekata juu juu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Nilisema yale maneno kwa sauti yote. Babu akalala chini kabla panga halijamfika vizuri. Mzee hajawahi kushika dadu, na akaelewa. Wewe uliyekuwa mezani ndo hukuelewa."

Nikamshikia kikombe cha maji, akanywa.

Ami Kaingu alishikwa, akatoka kwa dhamana. Tukipishana barabarani ananisalimia. Babu kurudi nyumbani hawezi, waliodhani amekufa wakisikia yuko hai ndo wataamini kweli ni mchawi. Yuko bara kidogo, mahali wanapokaa wazee waliokimbia kwao kama yeye. Wengi wana makovu. Hakuna hata mmoja aliyechoma kijiji.

Nyinyi mnaonisoma, mkisikia mzee anaitwa mchawi, ulizeni kwanza shamba lake liko wapi na nani analitaka. Na wewe mwenzangu unayejaza nguvu tu kama mimi, siku moja utampasua jicho yule aliyekuja kukuokoa.

Juzi Damaris alibeba boksi lake tukaenda kumwona babu. Jefwa na kitambaa chake jichoni. Wazee wakasogeza viti.

"Babu, tukujengee mchawi tena?" nikamuuliza.

"Mchawi mwenyewe. Nijengee kijana. Nywele nyeusi."

"Nguvu?"

"Hizo mpe Jefwa."

"Moto? Radi?"

Akajipapasa kovu la kichwani.

"Pointi zangu zote weka kwenye mbio."

Wazee wote mezani wakasema na wao wawekewe hivyo hivyo.