Hedfoni Nyekundu za Luqman

"Mwari gani anatoka mbele ya washenga?" mama alininong'oneza, amenishika kanga.

"Mwari mwenye jambo, mama. Niachie."

Nikatoka. Sebule yetu ya Ukunda ilikuwa imejaa: washenga watatu wa Luqman, na mjomba wangu Chirau, muadhini wa msikiti wa kijiji cha Waa, aliyekuja kunisemea. Luqman mwenyewe, ambaye mjomba hajamwona bado, alikuwa barazani, chini ya dirisha, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya jibu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu," mshenga mkubwa akasema. "Umekuja kutupa ndiyo yako?"

"Kwanza mjomba asikilize kitu."

Nikamwekea wokmani yangu ya kaseti mapajani.

Sasa ngojeni niwaeleze. Mwaka ule wa tisini na nane nilikuwa na duka la redio na kaseti pale stendi. Kila siku nawaambia wateja: zile hedfoni kubwa ni za redio ya nyumbani, ya umeme. Wokmani ya betri mbili haina nguvu ya kuzisukuma; sauti itatoka ndogo, imefifia. Chukua hizi nyepesi. Halafu Luqman akaniletea kubwa, nyekundu, zawadi, na mimi muuza redio mzima nikazivaa! Mapenzi haya, jamani. Alikuwa akinitumia kaseti, "Niko Taru nanunua mbuzi, mpenzi, nakukumbuka," nami nasikia hilo tu, nalala nacheka peke yangu.

Jana yake nikataka kumsikia vizuri kabla ya kumpa jibu. Nikachomoa zile kubwa, nikachomeka ndogo za dukani. Wallahi nilikaa chini. Nikalia weee, mpaka machozi yakaisha.

"Mjomba, vaa."

Akazivaa hizo ndogo juu ya kofia. Nikabonyeza. Na mnajua mtu akiwa na hedfoni: hajui kama anapiga kelele.

"KIJANA ANASEMA YUKO TARU!"

"Endelea, mjomba."

"NYUMA YAKE KUNA KIPAZA SAUTI. 'WATU WA WAA, MBUZI MWEUPE YUKO HAPA MSIKITINI, MWENYEWE AJE...' EBO! MBONA HUYU NI MIMI?"

Washenga wakatazamana. Barazani, kiti kikakwaruza sakafu.

"Mzee, polepole kidogo," mshenga akamsihi. Mjomba atasikia wapi!

"NA KUNA MWANAMKE! 'BABA SALIM, NJOO ULE, MWANAO ANAKULILIA.' NA KIJANA ANAMJIBU CHINICHINI, 'NAKUJA, MKE WANGU'! LAHAULA! BABA SALIM SI YULE MPANGAJI WA NYUMA YA MSIKITI?"

Akainuka, wokmani mkononi, akachungulia dirishani.

"KUMBE NI WEWE! ASALAAM ALEIKUM, BABA SALIM!"

Mshenga mkubwa akavuta fimbo yake. "Sisi hatukuambiwa," akasema, akitazama mkeka.

Nikatoka barazani. Luqman alikuwa amesimama, viatu mkononi, jasho linamtiririka.

"Fauzia, dini inaniruhusu mke wa pili."

"Imekuruhusu kuoa. Kuniambia uko Taru, nani kakuruhusu?"

"Niliogopa utanikataa."

"Ungeniambia kweli, ningekaa nikafikiri. Pengine ningekubali, maana nilikupenda, Luqman. Nilikupenda mpaka nikasahau kazi yangu mwenyewe."

"Basi nisamehe. Tuanze upya."

"Nimekusamehe. Na jibu langu ni hapana."

Akaanza kuvaa viatu. Nikamrudishia hedfoni zake nyekundu, nimezifuta vizuri.

"Msalimie Mama Salim," nikamwambia. "Na siku nyingine ukitaka kumdanganya muuza redio, usimtumie kaseti; mletee kanga."